Soma picha nzima kabla ya kupandikiza jino

Picha ya CT ya taya (eksirei inayoonyesha mfupa kwa vipande vyembamba) isisomwe pale penye pengo tu. Anza juu: pitia sainasi zinazoonekana, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, kipande kwa kipande. Utando wa ndani ya sainasi ulionenepa kidogo huonekana mara nyingi. Sainasi iliyojaa upande mmoja, hasa mfupa wake ukiwa umelika, ni jambo jingine kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo aonwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo.

Kisha tafuta mabaki ya mizizi, na doa jeusi kwenye ncha ya mzizi wa jino jirani, ambalo huweza kuwa dalili ya maambukizi, kwani maambukizi hayo huweza kuangusha kipandikizi (mzizi bandia unaowekwa kwenye mfupa). Kwenye taya la chini, fuata mfereji wa neva hadi unapotokea nje ya mfupa: wakati mwingine hupinda mbele kabla ya kutoka. Acha angalau milimita 2 kati ya kipandikizi na mfereji huo.