Somo: Kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo (na kwa nini msimamizi si mrithi mkuu)

Wakuu, habari za wakati. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wiki hii familia tatu zimenijia zikiwa zimekwama kwenye neno lilelile: msimamizi. Kaka mkubwa kateuliwa, kapewa barua yenye muhuri, kesho yake anamwambia mjane, "Nyumba ni yangu, rudi kwenu." Barua ile haimpi mtu nyumba. Inampa kazi: akusanye mali za marehemu, alipe madeni, awagawie wenye haki kinachobaki, kisha arudi mahakamani kueleza alichofanya. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao.

Hatua ya 1: Karatasi
Pata cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Linganisha majina ya marehemu kwenye cheti, kitambulisho na hati ya kiwanja. Yakipishana hata herufi moja, andaa hati ya kiapo mapema, kwa sababu benki na ofisi ya ardhi hawatakuonea huruma. Orodhesha mali, na madeni pia. Watu hukumbuka ng'ombe wa marehemu wakasahau mkopo wake wa kikoba.

Hatua ya 2: Kikao cha ukoo
Andikeni muhtasari: nani walikuwepo, warithi ni kina nani, mmempendekeza nani. Nasema mmempendekeza, maana anayeteua ni mahakama. Ukienda bila muhtasari, mara nyingi utarudishwa kuufuata. Na yule mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua lakini hakuna anayemtaja, mtajeni. Akijitokeza baadaye na ushahidi, mgao wenu wote unaweza kurudi mezani.

Hatua ya 3: Mahakama ipi?
Hapa ndipo watu hupoteza miaka. Nenda mahakama ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu. Lakini Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu tu. Mkristo aliyeishi nje ya mila za kwao, mirathi yake ni ya mahakama za juu. Kinachopimwa ni alivyoishi na alichokusudia, wala jina la ubatizo peke yake halimalizi hoja. Nimeona familia imeshagawana hadi masufuria, mahakama ya juu ikafuta yote kwa sababu walianzia mlango usio wao.

Hatua ya 4: Maombi
Jaza Fomu Na. 1. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha itasikiliza shauri. Ikiridhika, msimamizi anapewa Fomu Na. 4. Hiyo ndiyo barua ya usimamizi.

Hatua ya 5: Miezi 4
Ndani ya miezi 4 tangu uteuzi, msimamizi anapeleka Fomu Na. 5 yenye mali na madeni yote. Baadaye inafuata Fomu Na. 6, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Akihitaji muda zaidi, anaomba mahakamani. Hajiongezei mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mama. Kaka aliteuliwa 2016. Mpaka leo anakusanya kodi za vyumba, tukiuliza anasema mirathi bado haijafungwa. Tufungue kesi baraza la ardhi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, rudini mahakama ileile iliyomteua. Andikeni barua mkitaja namba ya shauri, muombe aitwe kuwasilisha Fomu Na. 5 na Na. 6. Mnaweza pia kuomba uteuzi wake utenguliwe kwa kushindwa kazi. Msiporidhika na uamuzi, rufaa ni Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Na kodi za vyumba ni mali ya mirathi, azitolee hesabu.

Swali: Baba yetu ana miaka 81, akili timamu. Baba wadogo wanataka shamba ligawiwe sasa "kuepusha ugomvi".

Jibu: Mirathi ya mtu aliye hai haipo. Shamba ni la mzee, yeye ndiye wa kuamua. Muulizeni kwa adabu kama angependa kuandika wosia, na asiandike akiwa amezungukwa na wanaotaka shamba. Kwa sheria ya mila, mzee anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wanne, wawili kwa wawili. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Kama ni Mwislamu, wosia usizidi theluthi moja ya mali, wala usimwongezee mrithi fungu bila ridhaa ya wenzake. RITA huhifadhi wosia. Kwa umri huo ningeongeza barua ya daktari ya siku hizohizo kwamba mzee yuko timamu. Si sharti, ila inanyamazisha wengi.

Swali: Niliishi na marehemu miaka 9 bila ndoa, tuna watoto wawili. Ndugu zake wamesema mimi ni hawara tu.

Jibu: Pole dada. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tafuta majirani, mjumbe, karatasi za kliniki. Udhaifu wake ni kama marehemu alikuwa na ndoa ya Kikristo isiyovunjwa, hapo dhana hiyo itakukwama. Watoto wako ni jambo jingine. Hakikisha majina yao yameingia kwenye maombi kabla muda wa tangazo haujaisha.

Swali: Shemeji kauza kiwanja cha marehemu kabla ya kufungua mirathi.

Jibu: Kauza kitu asicho na mamlaka nacho. Fungueni mirathi wiki hii, msimamizi akishapata barua adai kiwanja. Na mwambieni mnunuzi leo, kwa maandishi, kabla hajamwaga zege.