Somo: kufundisha AI form two kwa viberiti na maharage, kompyuta haihitajiki

Wadau, wengi mnasema akili mnemba haifundishiki kwenu sababu kompyuta hamna. Mi nilianza na maboksi 8 matupu ya kiberiti, nimeomba kwa mama ntilie. Wazo si langu, Donald Michie wa Uingereza mwaka 1961 alikosa kompyuta ya kufanyia majaribio, akaunda mashine ya maboksi 304 ikajifunza ule mchezo wa iksi na duara kwenye miraba tisa. 304 utalia, nikachukua mchezo mdogo: njiti 8 mezani, kila mtu kwa zamu anatoa moja au mbili, anayebeba ya mwisho kashinda.

1. Maboksi yaandike 1 hadi 8, ndo idadi ya njiti zilizobaki mezani. Kila moja tia maharage mekundu 3 na ya njano 3. Jekundu ni toa moja, njano toa mbili. Boksi la 1 mekundu tu. (Mwanzo nilitumia mahindi na maharage, watoto wakawa wanapapasa kuchagua, ushenzi mtupu.)

2. Mashine (ndo hayo maboksi) inaanza. Dogo mmoja awe mikono yake, anatikisa boksi la 8, anachomoa haragwe bila kuchungulia, anafanya lilivyosema, haragwe linabaki juu ya boksi. Mpinzani anacheza, zinahesabiwa njiti, linafuata boksi la namba hiyo.

3. Mashine ikipigwa, maharage yote yaliyo juu yanatolewa moja kwa moja. Ikishinda yanarudi na kila moja linaongezewa mwenzake wa rangi ileile. Hapa ndo penyewe, ndipo inapojifunza, msiparuke.

4. Rudieni, matokeo yaandikwe ubaoni. Mwanzo inachapwa darasa linacheka, baadae wanaanza kupigwa wao, binti mmoja akaniuliza sir nani kaiambia? Nikamwaga boksi la 8 mezani, ya njano tupu na jekundu moja.

MASWALI

Mwl, boksi la 7 kwangu halijaguswa kabisa, nimekosea wapi?
— Hujakosea. Mashine ikianza inaacha 7 au 6, mpinzani naye lazima atoe, so yenyewe haikutani na 7. Mwache mwanafunzi aanze, atoe moja, uone bingwa wenu anavyobahatisha kama kazaliwa leo.

Boksi la 3 limeisha maharage, nijaze?
— Hapana, ikifika hapo ikubali yaishe, maana kwenye 3 utoe moja utoe mbili mwenzio anamalizia. La 6 hivyohivyo akicheza anayejua. La 8 likiisha rudishia.

Mbona unaadhibu maboksi yote wakati kosa lilikuwa la mwisho? Kijana wangu anasema ni uonevu.
— Huyo mtunze, kashika penye utata wenyewe. Mpe maboksi yake, yeye atoe haragwe la mwisho tu, mashine zote mbili zicheze gemu 30 30 kisha utuletee matokeo hapa.