Gari Linamisi Baada ya Kuwekewa Plagi Mpya: Pima Hivi Kabla Hujanunua Koili

Kama gari lako lilikuwa linatembea vizuri, ukabadilisha plagi, na kesho yake likaanza kumisi, yaani silinda moja au zaidi haiwaki vizuri na injini inatetemeka, kwenye foleni ya Tabata Relini hapa Dar, usiutafute ugonjwa mbali. Kilichoguswa mwisho ndicho kinachoshukiwa kwanza. Magari mengi tunayoletewa gereji yakiwa na tatizo hili yameshapita kwa mtu aliyesema, "Plagi ni mpya, haziwezi kuwa shida," kisha akamuuzia mwenye gari koili nne, akasafisha nozeli, akagusa na pampu ya mafuta, na injini bado inatetemeka vilevile.

Nitatumia mfano wa Toyota IST na ndugu zake wenye injini za 1NZ na 2NZ, kwa sababu ndizo zimejaa mjini. Gari jingine lolote la petroli lenye koili moja kwa kila silinda, utaratibu ni huu huu.

Hatua ya 1: Sikiliza linamisi wakati gani

Koili inachukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi volti elfu ishirini, thelathini au zaidi. Umeme huo unatakiwa uruke kwenye mwanya ulio kwenye ncha ya plagi, ndani ya silinda. Ukikanyaga mafuta, hewa iliyobanwa ndani inaongezeka, na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka. Umeme ukipata njia nyepesi kuliko ule mwanya, kwa mfano ufa kwenye kauri (ile sehemu nyeupe ya plagi inayozuia umeme kuvuja), unapita huko na petroli haiwaki.

Ndiyo maana gari linaweza kutulia kabisa mbele ya fundi, kisha likakohoa ukipanda Kimara ukiwa na abiria na AC imewashwa. Likimisi kwenye mzigo tu, shuku kauri, mwanya au koili. Likimisi muda wote, hata likiwa limesimama, huenda silinda moja imekufa kabisa, na hiyo ni rahisi kuipata.

Taa ya injini ikiwaka tu, unaweza kusogea taratibu hadi gereji. Ikiwa inapepesa, weka gari pembeni. Petroli isiyowaka inatoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi, katalitiki), na masega ni ghali kuliko plagi zote utakazonunua maishani.

Hatua ya 2: Tafuta silinda yenyewe

Soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, kwa mashine ya kupimia. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. P0300 maana yake linamisi hapa na pale bila kukaa sehemu moja, na baada ya kubadilisha plagi hiyo inanifanya nishuku seti nzima. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 mwanzoni yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe, kwa hiyo vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi wakati mwingine haviongei nayo. Kikigoma, usiseme kompyuta ya gari imekufa. Tafuta mwenye mashine kubwa.

Huna mashine? Zima injini, chomoa soketi ya waya ya koili moja, washa, sikiliza sekunde chache, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa zote nne. Ukichomoa halafu injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umeshampata mwizi. Usiivute koili yenyewe injini ikiwa inanguruma. Umeme ule haukuachi salama wewe wala kompyuta.

Silinda ya kwanza kwenye injini hizi ni ile ya upande wa mikanda, yaani upande wa dereva.

Hatua ya 3: Hamisha koili kabla ya kununua

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Kama silinda ya 2 ndiyo inamisi, toa koili yake (bolti moja tu, namba 10), iweke silinda ya 3, na ya 3 iende ya 2. Futa kodi, endesha. Kodi ikihamia P0303, koili ni mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Sasa hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Fundi anayetaka kubadilisha koili zote nne bila kufanya jaribio hili, mwombe alifanye ukiwa umesimama hapo hapo.

Hatua ya 4: Rudisha plagi za zamani

Dada mmoja wa Kinyerezi alikuja na IST inayotetemeka hadi kioo cha pembeni kinacheza. Ameshaambiwa anunue koili. Nikamuuliza, "Dada, plagi ulizotoa ziko wapi?" Akafungua mlango, akainama, akatoa chini ya siti fungu limefungwa kwenye gazeti. "Baba yangu alinifundisha, fundi akitoa kitu kwenye gari lako, ondoka nacho." Tukazisafisha, tukapima mwanya, tukazirudisha. Injini ikatulia palepale. Zimechakaa, zimelika, lakini zilikuwa halali.

Kwa hiyo ukibadilisha kipuri chochote, chukua cha zamani. Kwa plagi, ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote.

Hatua ya 5: Zitoe na uzikague

Subiri injini ipoe. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kutoka na thredi zake. Puliza upepo wa kompresa kwenye visima vya plagi kwanza. Mchanga wa barabara zetu za mitaani unajaa humo, na ukitoa plagi unadondokea kwenye pistoni. Tumia soketi ya plagi namba 16 yenye mpira au sumaku ndani. Zipange kwa kufuata silinda zilikotoka.

Anza na rangi. Kauri ya upande wa ncha ikiwa ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu yenye masizi ni petroli isiyoungua vizuri, na kwenye silinda inayomisi hilo ni la kawaida. Nyeusi yenye oili ni injini inapitisha oili, hilo ni suala jingine. Nyeupe yenye vipele imepata joto kupita kiasi.

Kisha geuza plagi polepole kwenye mwanga uangalie kauri ya nje. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka kama unywele kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ya umeme unaovuja. Ukiuona, chungulia pia ndani ya mpira wa koili. Mara nyingi utakuta mstari wa pili umeungua hapo hapo, na mpira huo ukiuacha utaharibu hata plagi utakayoweka kesho. Lakini pete ya kahawia inayozunguka kauri pale inapokutana na chuma, hiyo haina neno. Ni vumbi na mvuke wa oili vinavyovutwa na umeme. Nimeona plagi nzima zikitupwa kwa sababu ya ile pete.

Kisima kikiwa na oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imechoka. Kikiwa na maji, uliza gari limeoshwa wapi. Vijana wa kuosha magari wanapenda kupiga injini maji ya presha, na hasa msimu wa masika, kisima hakikauki upesi.

Hatua ya 6: Feki inajionyesha wapi

Hapa nitakaa kidogo. Usianze na boksi, maana maboksi yanachapwa vizuri siku hizi.

Angalia pete ya chuma, ile washa iliyo juu ya thredi. Kwenye plagi halali imebanwa, inazunguka lakini haidondoki. Igeuze plagi kichwa chini uitikise. Kwenye ile seti ya IST ya Kinyerezi, washa mbili zilidondoka mezani zenyewe.

Angalia maandishi kwenye kauri. Yafute na kitambaa chenye petroli. Ya feki yanafifia au kutoka kabisa, na herufi zake hazikai kwenye mstari mmoja. Plagi za NGK huwa na namba ya toleo iliyogongwa kwenye chuma cha pembe sita.

Angalia ncha ukiwa umeiweka usawa wa jicho. Kile kijiti kilichopinda kinatakiwa kikae katikati kabisa juu ya ncha. Kikiwa kimeenda upande, au nne zote zina mwanya tofauti, hazikupita kwenye mashine ya maana. Na kama boksi linasema iridiamu, ncha lazima iwe nyembamba sana: milimita 0.4 kwa Denso Iridium Power, 0.6 kwa NGK Iridium IX. Plagi ya kawaida ina ncha ya milimita 2.5. Mtu anakuuzia iridiamu yenye ncha nene kama ya kawaida, tena kwa bei ya kawaida, amekuuzia maandishi.

Mwisho, mita ya umeme. Iweke kwenye omu, kipimo cha elfu 20, mguu mmoja juu ya plagi, mwingine kwenye ncha ya katikati. Plagi yenye herufi R kwenye namba yake ina rezista (kipunguza umeme) ndani, na kwa kawaida inasoma karibu na kiloomu 5. Kati ya 3 na 7.5 sina ugomvi. Ikisoma sifuri, rezista haipo, na kelele za umeme zinasumbua redio na hata kompyuta ya injini. Isiposoma chochote, imekatika ndani. Nne za seti moja zikisoma namba nne zinazopishana mbali, huhitaji ushahidi mwingine.

Kuna na plagi halali isiyo ya gari lako, na hii inawapata hata waaminifu. IST hutumia, kwa mfano, Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Ile 11 mwishoni ni mwanya wa milimita 1.1. Ile 16 ya Denso na 5 ya NGK ni kiwango cha joto, na kwa kampuni hizi mbili namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Bosch ni kinyume chake. Plagi baridi mno kwenye gari la foleni za Dar inajaa masizi kwa sababu haifikii joto la kujisafisha. Ya moto mno inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati. Urefu wa thredi nao: hizi ni milimita 19. Thredi ya milimita 14 kwa upana itaingia vizuri hata ikiwa ndefu zaidi, na ndefu zaidi inaweza kugongwa na pistoni.

Hatua ya 7: Kufunga

Pima mwanya kwa filageji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) hata kama plagi imetoka kwenye boksi sasa hivi. Za kawaida unaweza kurekebisha kwa kugusa kijiti cha pembeni tu. Za iridiamu usiziguse ncha. Mwanya ukiwa mbaya, rudisha dukani.

Usitumbukize plagi kisimani ikaanguka yenyewe. Inagonga chini, mwanya unaziba au kauri inapata ufa usiouona. Ikidondoka kwenye sakafu ya zege, hiyo si plagi tena. Ishushe ikiwa ndani ya soketi, uizungushe kwa vidole kupitia ekstensheni bila racheti. Ikigoma mwanzoni, toa uanze upya, usilazimishe. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa ongeza nusu mzunguko kwa racheti, isizidi theluthi mbili. Iliyowahi kufungwa inataka kidogo sana, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Usipake grisi kwenye thredi; inakufanya ubane kupita kiasi bila kujua.

Hatua ya 8: Futa kodi, panda mlima

Usikabidhi wala kupokea gari baada ya kulizungusha gereji tu. Liendeshe kwenye foleni dakika kadhaa, kisha toka Ubungo panda kuelekea Kimara ukikanyaga mafuta. Soma kodi tena ukirudi. Kodi ikibaki kwenye silinda ile ile wakati koili na plagi zimeshahamishwa na zote ni nzima, sasa ndipo uanze kufikiria nozeli, hewa inayoingia pembeni kwenye manifoldi, na kipimo cha kompresheni.

Ukienda kununua, iwe Gerezani au Ilala, nenda na plagi ya zamani mkononi na namba imeandikwa kwenye karatasi. Mwambie muuzaji unataka risiti yenye jina la kipuri, na fungua boksi pale kaunta, fanya jaribio la washa na la ncha mbele yake. Muuzaji mwenye mali halali hanuni. Ukigundua bandia baadaye, rudi na risiti. Akikugomea, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia.

Zile mbovu ambazo huna pa kuzirudisha, vunja kauri kwa nyundo kabla hujazitupa. Plagi nzima ikiachwa jalalani, mtu anaipiga brashi, anaitia kwenye boksi jipya, na inarudi mjini.