Somo: kufunga mkebe wa filta ya oili wa kizamani kwenye Speedster ya kuiga

Wakuu, mmeniuliza sana kuhusu ule mkebe ulio ubavuni mwa kava la feni kwenye gari yangu, haya leo naweka somo. Kwanza tuelewane, hii Speedster yangu ni ya kuiga Porsche 356 ya wazi, sio 356 yenyewe, bodi ni faiba na injini ni ya Volkswagen Beetle, na Beetle toka kiwandani haina filta ya karatasi, ina chujio la waya tu chini ya injini na oili lita 2.5 basi. Porsche wao kwenye 356 waliweka mkebe pembeni, unavuta oili kidogo, unaichuja, unairudisha chini. Haichuji yote kwa mpigo, inachuja mdogomdogo.

1. Injini ikiwa ya baridi fungua swichi ya presha ya oili, iko kushoto jirani na distribyuta. Weka tii (kiungio chenye umbo la T), swichi irudi upande mmoja, hozi ya kwenda kwenye mkebe upande wa pili. Polepole na spana jamani, bloku ni magnesiamu, ukikaza kwa hasira hesi zinakwenda.

2. Funga mkebe na mikanda yake kwenye kava, uhakikishe mfuniko unafunguka bila kugonga kitu, maana elementi (ile filta yenyewe ya ndani) utaibadilisha kwa juu.

3. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Njia ya oili lazima ibanwe na kitundu kidogo, mimi nimeweka cha milimita 1 hivi. Mara ya kwanza nilikiacha nikaona ni urembo tu, nikafika kwenye foleni jua kali, injini inanguruma taratibu, taa ya oili hiyoo inawaka! Oili yote ilikuwa inakimbilia kwenye mkebe, beringi zinabaki na njaa.

4. Hozi ya kurudi ipeleke kwenye shingo ya kujazia oili. Tumia hozi ya oili ya moto, ya maji itavimba ipasuke.

5. Washa dakika chache, kagua kila maungio, zima, subiri, pima na dipstiki halafu ongeza, mkebe nao unameza oili yake.

MASWALI

Mkuu, nikishafunga naweza kutoa lile chujio la waya?
– Usithubutu kaka, lile ndio linalinda pampu, na sehemu kubwa ya oili bado haipiti kwenye mkebe.

Mimi nataka oili yote ichujwe, na sura ya kizamani nisiipoteze.
– Basi badilisha kava la pampu, bloku itobolewe oili irudi kwenye njia kuu, filta ya kisasa ifiche chini. Mkebe unabaki pambo. Ila kutoboa ni lazima injini ifunguliwe yote, vumbi la drili likibaki ndani umeiua mwenyewe.

Fundi, gasketi ya mfuniko inavuja kila wiki!
– Unarudia ya zamani wewe. Weka mpya kila ukibadili elementi, na bolti ya katikati ina washa yake ya shaba, iangalie hiyo kwanza.