Ndege wa Mida: angalia maji kwanza

Wa Nairobi mnaoshuka Pwani na gari la kulala kutazama ndege: Mida Creek, hori la bahari pale Watamu, nendeni kwa ratiba ya maji kujaa na kupwa, si kwa jogoo. Fika masaa mawili matatu kabla maji hayajajaa. Yakiwa yamekupwa, ndege wako mbali matopeni, vitone tu hata kwa darubini. Yakipanda huwasogeza hadi karibu na mikoko. Utamwona mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi, akichomoa kaa wake. Ratiba ya jana haifai, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) ikiwa kubwa wahi zaidi, tope humezwa lote na ndege wanahama. Juni na Julai mimi singehangaika: wengi wako kaskazini wakitaga.