Kumfundisha Msemaji wa Kihispania Vimilikishi vya Kiingereza

Ukimpata mwanafunzi wa Kiingereza aliyelelewa kwa Kihispania, iwe ni baharia aliyetia nanga Kilindini au mgeni aliyeolewa Mji wa Kale, Mombasa, usianze kwa kumkaririsha orodha ya vimilikishi, yaani maneno ya kuonyesha mwenye kitu kama "my" na "his". Anza na kosa atakalolifanya, la kuchanganya "his" na "her", kwa kuwa ndilo lile lile tulilolifanya sisi darasani. Neno lake "su" hubeba "his", "her", "its", "their" na hata "your" ya heshima, kama vile "-ake" yetu isivyombagua mwanamume na mwanamke. Isitoshe, neno hilo hufuata kinachomilikiwa: kikiwa kimoja ni "su", vikiwa vingi ni "sus", sawasawa na kikombe chake na vikombe vyake. Kiingereza hakijali vikombe, humtazama mwenyewe.

Jambo hili huonyeshwa, halielezwi. Mimi huweka kikombe kimoja cha kahawa mbele ya mwanamume na kingine mbele ya mwanamke, nikasema "his cup" na "her cup", kisha nikamwongezea bwana kikombe cha pili: "his cups". Mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba "his" haikutikisika. Mazoezi magumu zaidi ni ya jamaa, maana katika "her brother" ulimi huvutwa na jinsia ya kaka, ukatoka na "his".

Kwa majina ya watu, Kihispania na Kiswahili hutangulia na kitu: "el hermano de Ana", kaka wa Ana. Kiingereza hugeuza, "Ana's brother", na ile "s" ya mwisho wa jina wanafunzi huimeza mno, basi isikilize.

Vimilikishi hivyo vifungamanishe na shughuli za siku, kwani hapo ndipo vinapohitajika. Kihispania husema "me lavo las manos", nasi husema nanawa mikono, bila kutaja ya nani, kwani utanawa ya jirani? Kiingereza hudai "I wash my hands". Kinyume chake, ile "me" ya "me levanto" huachwa kabisa, ikabaki "I get up". "Desayunar" ni kitenzi kimoja, lakini Kiingereza hutaka maneno mawili, "have breakfast". Nasi tukisema tumekunywa chai, mahamri na mbaazi vimo humo humo.

Kuhusu saa, jihadhari wewe mwalimu. "A las siete" ni "at seven" bila taabu, ila kwako ni saa moja, na mimi nimewahi kumsahihisha mwanafunzi aliyekuwa amepatia.

Mwisho mpe kisa cha bwana anayeamka, akanawa uso, akamwamsha mkewe, akavuka feri ya Likoni kwenda kazini: "He washes his face, he wakes his wife." Akishakisema bila kusita, mwambie akisimulie upya, safari hii mke ndiye anayevuka.