Jinsi ya kufuata chipukizi na mastaa wa zamani wa Pittsburgh Pirates ukiwa Kisumu

Watu wengi huku kwetu wakisikia besiboli wanaona ni mambo ya Wamarekani tu, lakini ukiwaambia kuna kijana kutoka hapo Uganda anaitwa David Matoma, pitcha, yaani mrusha mpira, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, mwaka wa 2023, maswali yanaanza. Anacheza wapi? Atafika lini timu kubwa? Kufuata timu kubwa ni rahisi, skoa ziko kila mahali. Kazi iko kwa vijana wanaopanda kutoka chini na wale waliouzwa wakaenda kwingine, na kwangu hapo ndio utamu wote uko.

Anza na ngazi. Kila timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, na ziko 30, ina timu nne za chini ambazo zinacheza ligi zao kwa miji tofauti. Kwa Pirates ni Bradenton huko Florida, hiyo ni daraja la A, halafu Greensboro ambayo ni A ya juu, halafu Altoona, AA, halafu Indianapolis, AAA, na ukitoka hapo ni Pittsburgh yenyewe. Chini kabisa kuna ligi ya vijana Florida na ingine Jamhuri ya Dominika. Shika hayo majina manne kichwani, juu apu ya MLB ikikwambia mtu amepelekwa Altoona na hujui Altoona ni ngazi gani, hiyo habari imekupita tu hivyo.

Masaa nayo. Msimu unaanza mwisho wa mwezi wa tatu unaisha mwisho wa mwezi wa tisa, na muda huo wote Pittsburgh iko nyuma yetu kwa masaa saba. Mechi inayoanza saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwao, kwetu ni saa saba na dakika arobaini usiku, na kesho yake una kazi. Angalia laivu zile za Jumapili mchana wao, ambazo kwetu zinaingia kama saa mbili na nusu usiku, zingine zote soma boksi skoa, yaani jedwali la namba za mechi, asubuhi ukingoja matatu hapo Kondele, haili bando kama video.

Sasa boksi skoa inasomwa vipi? Chukua Paul Skenes. Pirates walimchagua wa kwanza kabisa kwa drafti ya 2023, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na 2024 akaanzia Indianapolis. Ukifungua namba zake za huko utaona IP (iningi alizorusha) 27.1, K (waliotolewa kwa straiki tatu) 45, ERA (wastani wa pointi anazofungwa kwa iningi tisa) 0.99. Hiyo 27.1 si desimali, ni iningi 27 na auti moja, yaani mpigaji mmoja kutolewa, juu yake. Iningi moja ni auti tatu, kwa hivyo jumla ni auti 82, na kati ya hizo 45 ni watu walioshindwa kabisa kugusa mpira ama wakasimama tu ukapita. Zaidi ya nusu! Kabla hata hujasoma mtu yeyote anasema nini kuhusu yeye, hapo ushajua huyu hakai AAA. Tarehe 11 Mei 2024 akapanda, mwaka huo akawa chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili ndani ya MLB, na 2025 akabeba Cy Young, tuzo ya pitcha bora.

Kwa vijana wa chini zaidi mimi siangalii sana zile listi za chipukizi 30 bora, naangalia umri na BB, yaani watu ambao pitcha amewapa besi bure. K nyingi na BB nyingi, huyo ana nguvu lakini usahihi bado, mpe muda. BB zikianza kushuka mwezi baada ya mwezi hata kama ERA ni mbaya, huyo mfuate kwa karibu. Kwa wanaopiga, angalia amepanda ngazi ngapi akiwa na miaka mingapi. Konnor Griffin alichaguliwa namba 9 mwaka wa 2024 akitoka hai skuli, na 2025 akapita Bradenton, Greensboro hadi Altoona akiwa na miaka 19. Hiyo spidi peke yake ni habari.

Halafu ukurasa wa uhamisho, huu usiuache, fungua kila asubuhi hata kama ni dakika mbili. Timu ina listi ya wachezaji 40 na kati yao 26 ndio wako timu kubwa. Kijana aliye kwa hiyo 40 anaweza kushushwa chini na kurudishwa katika misimu mitatu, ndio maana unaona mtu anacheza vizuri na bado anarudishwa Indianapolis, si ati wamemchukia, ni vile nafasi yake ya kushushwa bado ipo na ya mwenzake imeisha. Ukiona DFA, hiyo ni nzito: ametolewa kwa ile 40 na timu ina siku saba za kumuuza, kumweka wazi achukuliwe na wengine ama kumwachilia.

Kwa waliotoka, fanya vile mashabiki wa Gor walivyofanya na Olunga alipoenda Sweden, China, Japani, kote wakamfuata. Fuata treidi, yaani timu kubadilishana wachezaji, usifuate jezi. Mwisho wa Julai 2018 Pirates walimchukua Chris Archer kutoka Tampa Bay, wakatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Hiyo treidi bado inauma Pittsburgh, juu Glasnow aliishia Dodgers na kushinda ubingwa nao. Gerrit Cole naye waliuza Houston Januari 2018, 2023 akachukua Cy Young na Yankees. Na usimsahau Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza MLB, tarehe 26 Aprili 2017 akiwa na jezi ya Pirates, na mara ya kwanza kushika bati akapiga hiti, yaani mpira uliomfikisha besi, dhidi ya pitcha Jon Lester wa Cubs. Mwisho wa mwaka huo huo akahamishwa Toronto.

Msimu ukiisha usizime notifikesheni. Desemba kuna drafti ya Rule 5, ambapo timu zingine zinaweza kuchukua kijana ambaye hajawekwa kwa ile listi ya 40, na Januari 15 dirisha la kusajili vijana wa nje ya Marekani linafunguliwa. Siku hiyo angalia safu ya nchi kwanza kabla ya majina, uone kama kuna Uganda, Afrika Kusini, ama sisi.